Dagaa wa Pasiansi Juu ya Mawe ya Goma

Kashindye hakuwahi kununua kitu ambacho mkono wake haujakifikia chini. Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, walimjua hivyo. Ukimletea gunia la dagaa, kabla hajamaliza kuitikia salamu yako ameshazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, ametoa konzi ya chini kabisa, ametupia wachache mdomoni na kuwatafuna polepole huku akitazama ziwani kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Hiyo ndiyo sheria ya dagaa: mnunuzi haulizi, anatafuna. Jino likikutana na punje ya mchanga anatema, anajifuta midomo kwa pindo la khanga, na biashara imekwisha. Wengine walisema huo ni ukosefu wa adabu, mama mzima kutia mkono kwenye mali ya watu kabla ya habari za nyumbani. Yeye alijibu kwamba habari za nyumbani hazijawahi kumtia hasara.

Alizaliwa Igogo, akaolewa, akaachika, akajenga vyumba vyake Pasiansi bila mchango wa mtu. Miaka mingi aliuza sangara wa kukaanga. Enzi za ruksa zikaja, vikaja viwanda vya minofu na magari yake ya barafu, sangara wote wakawa na safari ya Ulaya, na akina mama wa mwaloni wakabakiziwa vichwa na mifupa. Wenzake walikwenda kwa diwani kulalamika. Kashindye hakwenda. Wiki ile ile alihamia kwenye dagaa, kwa hesabu moja tu: dagaa hana minofu ya kumshawishi Mzungu.

Na dagaa wake hawakuwa wa mchangani. Watu wengi humwaga dagaa ufukweni, wanakauka na mchanga wao, na mlaji anamalizana na meno yake huko mbele. Kashindye alianika juu ya mwamba. Pasiansi kuna mawe mapana, laini, yameinama kuelekea ziwani kama migongo ya viboko. Aliyafagia, akayamwagia maji, akaanika asubuhi na kuanua jioni. Dagaa wake waling'aa kama sindano.

Tatizo lilikuwa madalali. Dagaa wale walikwenda Zaire, hilo kila mtu alilijua, lakini kati ya Kashindye na Zaire walisimama wanaume watatu wenye viatu safi. Walichukua dagaa wa mwambani kwa bei ya dagaa wa mchangani. Akilalamika, walimwambia Goma hawajui tofauti.

"Goma hawana meno?" aliwauliza siku moja.

"Mama Luhende, wewe kausha, sisi tutauza," alijibu mmoja, akimwita kwa jina la mwanawe. "Kule ardhi inawaka moto kutoka chini. Si mahali pa mama wa Kisukuma."

Jina la mnunuzi mkubwa wa Goma lilikuwa limeshamfikia kupitia midomo ya madereva: mama mmoja Mnande, kabila la wafanyabiashara wa huko Kivu, aitwaye Masika. Alisemwa kuwa mgumu, na kuwa anatafuna. Hilo la pili ndilo lililomtia moyo Kashindye. Alitaka jambo moja tu: Masika atafune dagaa wake kutoka mkononi mwake, aridhike, na tangu hapo mzigo uwe unatoka Pasiansi kwenda Goma moja kwa moja, mwezi kwa mwezi, bila kiatu safi katikati. Masika akitema, basi, angerudi kusimama foleni kwa madalali wale wale, nao wangekuwa na hadithi ya kusimulia mpaka anazikwa.

Mwaka ulikuwa wa tisini na mbili. Alikodi sehemu ya lori la Venant, dereva Mhaya aliyeijua njia, na akamchukua Annet Kokushubira awe mwenzake. Annet alikuwa karani wa shirika moja la umma hadi walipopunguzwa kazini. Sasa aliuza vitenge vya Zaire mjini Mwanza na alitaka kuvifuata kwenye chanzo. Alikuwa na Kifaransa cha kuombea maji na maoni juu ya kila kitu.

Walivuka kwa kivuko cha Kamanga, wakapita Sengerema, Geita na Biharamulo, wakaingia Rwanda kwa daraja la Rusumo. Kaskazini mwa nchi ile kulikuwa na vita, na vizuizi vya askari vilikuwa vingi. Kashindye alivipita kwa unyenyekevu na dagaa wa kuonja. Kilichomshinda kilikuwa mvua. Ilinyesha milimani usiku kucha, na kulipopambazuka Venant alipanda juu ya mzigo, akashuka bila kumtazama mtu usoni.

"Turubai lilikuwa na tundu," alisema.

"Tundu?"

"Dogo, mama."

"Dogo kwa nani? Kwako au kwa maji?"

Magunia ya juu, karibu robo ya mzigo, yalikuwa yamelowa. Ya chini yalikuwa makavu kama alivyoyafunga. Mwenye biashara ya dagaa anajua maana yake: dagaa akilowa hangoji, kesho yake ananuka, keshokutwa anaota ukungu. Kashindye hakupiga kelele. Alimwambia Venant kwamba nauli ya magunia yale wataizungumza Mwanza, mbele ya mke wake, na Venant akaona heri angetukanwa.

Mpakani Goma walishusha mzigo, ukavushwa kwa chukudu. Hizo ni baiskeli za mbao tupu, hazina pedali wala mnyororo, zina magurudumu mawili na pembe kama za ng'ombe, na mtu mmoja husukuma juu yake mzigo wa punda wawili. Kashindye aliigusa moja, akaipiga konzi, akamuuliza mwenyewe imetengenezwa kwa mti gani. Kama si haraka angeondoka nayo.

Kwenye nyumba ya wageni walipata habari kwamba Masika amesafiri na atarudi kesho asubuhi. Annet akafurahi: wana mchana mzima wa kutembea.

"Una mchana mzima wewe," Kashindye alimwambia. "Mimi nina dagaa waliolowa."

Hata hivyo alitembea naye kidogo, kwa sababu alikuwa anatafuta mahali pa kuanika. Mji ule ulijengwa na Wabelgiji kama watu wasiokusudia kuondoka. Barabara pana zenye miti pande zote zilishuka hadi ziwani, na ukingoni zilipangana nyumba kubwa zenye baraza, mabomba ya moshi, na kuta za mawe meusi yaliyochongwa. Maua ya zambarau yalipanda mpaka juu ya vigae. Annet alisimama kila geti na kuvuta pumzi.

"Mama Luhende, tazama. Kama picha ya kalenda."

"Vigae vile havijaguswa tangu mwenyewe arudi kwao," alisema Kashindye. "Ila sebule inaingia magunia mengi."

Ziwa lenyewe lilimshangaza zaidi. Lilikuwa zuri kama sahani iliyooshwa, na tupu vilevile. Hapakuwa na mwalo wenye kelele wala ndege wanaogombea utumbo wa samaki, na hewa haikunuka chochote. Wavuvi wachache walikuwa na visamaki wanavyoviita sambaza, vinavyoisha kabla havijafika sokoni. Kashindye alitazama maji yale mengi yasiyo na biashara, moyo ukampanda. Mji mzima wenye njaa ya samaki, na mlima mkubwa nyuma yake unaotoa moshi kama jiko la mama ntilie. Mwenye nyumba ya wageni aliwasimulia jinsi moto ulivyoshuka kutoka mlima ule, Nyiragongo, mwaka wa sabini na saba, ukawapita watu mbio.

"Na viwanja vya upande ule vinauzwaje?" Kashindye aliuliza.

"Rahisi, mama."

"Nilijua."

Ni huko upande ule alikoona alichokuwa anatafuta. Nyuma ya nyumba ya wageni, uwanda mzima ulikuwa jiwe. Jiwe jeusi, tupu, limetandaa mpaka macho yanapoishia, na jua la mchana limelipasha moto hasa. Kashindye alicheka peke yake. Mtu ametoka Mwanza kwenye mawe, amevuka nchi nzima, na Mungu amemtandikia mawe mengine. Alilifagia kwa ufagio wa kuazima, akaagiza magunia yale yaliyolowa yaletwe, akaanza kumwaga.

Mwenye chukudu aliyeleta magunia alisimama akitazama, mikono kiunoni.

"Mama, hapa si pa kuanika. Iyi majiwe inakula."

"Inakula nini?"

"Inakula vyote. Viatu, mipira ya gari, miguu ya watu."

"Baba, mimi nimezaliwa juu ya mawe," Kashindye alisema, akiendelea kutandaza. "Mawe yananijua."

Annet, ambaye alikuwa amejifunga kitambaa kichwani kwa ajili ya jua, alimuunga mkono: "Mwambie huyo. Msukuma na jiwe ni ndugu wa tumbo moja." Mwenye chukudu akainua mabega, akaondoka na baiskeli yake.

Na kwa kweli dagaa walikauka, tena haraka kuliko Pasiansi. Alasiri Kashindye alikuja na ufagio kuwakusanya, akasukuma mara moja, na dagaa hawakuja. Alichuchumaa, akaingiza vidole. Ndipo alipolijua jiwe la Goma. Jiwe la Mwanza ni gumu na limefungwa, maji yenyewe hayapati pa kuingilia. Hili lilikuwa na matundu kama andazi lililojaa hamira, makali kama wembe, na lilikuwa likimomonyoka. Kila tundu lilikuwa na dagaa wake, kichwa chini. Ukimvuta, kichwa kinabaki. Ukimsugua, jiwe linameguka na kutoa punje nyeusi, nazo punje zilikuwa zimewashika dagaa tangu wakiwa na unyevu, zikakauka nao. Alichukua watano, akatafuna. Jino lilimlilia.

Akatema. Dagaa wake mwenyewe, kwa kinywa chake mwenyewe.

Alikaa pale kitambo kifupi, si kwa huzuni, bali kama mtu anayesoma bei ubaoni. Alikuwa amefanya kosa ambalo mtu wa Dar asingelifanya, kwa kuwa mtu wa Dar asingeliamini jiwe hata kidogo.

Walikusanya kwa mikono mpaka jua likaelekea kuzama. Nusu hawakutoka, wakabaki kuwa chakula cha mjusi. Waliotoka wakajaa magunia, weusi weusi kama waliookolewa kwenye jiko. Annet alikuwa na ushauri.

"Tuchanganye, Mama Luhende. Hawa tuwaweke chini, wasafi tuwaweke juu. Magunia yapo mengi, nani atafukua yote?"

"Mimi hufukua."

"Lakini yule siyo wewe."

"Yule ni mkubwa kuliko mimi, na hakuupata ukubwa kwa kutazama juu ya gunia. Mkono wangu unafika chini. Wake unadhani mfupi?" Alifunga magunia yenye mawe kwa kamba nyekundu, yasifanane na mengine. "Nikimdanganya nikafaulu, nimeuza mzigo mmoja. Sikuja kuuza mzigo mmoja."

Asubuhi walimkuta Masika kwenye ghala lake, ambalo lilikuwa moja ya zile nyumba za Wabelgiji. Sebule ilikuwa imejaa vitenge vilivyofungwa marobota, vimepangwa hadi juu ya pale Mzungu alipokuwa akikoka moto wake. Masika alikaa barazani kwenye kiti cha mikono, mwanamke mkubwa, mtulivu, kitenge cha njano, uso usiotoa habari.

"Shikamoo, mama," Kashindye alisema, maana Masika alikuwa mkubwa wake.

"Jambo," alisema Masika. Shikamoo kwao haikufika, na dagaa wao huwaita ndagala. "Ni weye mama ya Mwanza? Ndagala iko wapi?"

Hakuna chai, hakuna habari za safari. Kashindye akampenda papo hapo.

Gunia la kwanza lilifunguliwa. Masika alikunja mkono wa blauzi, akazamisha mkono hadi kwapani, akatoa konzi, akatafuna. Alitafuna kwa muda mrefu, upande huu na upande ule. Masika akameza, akanyoosha mkono kuelekea gunia lingine, kisha lingine, bila mpangilio, na kila mara akameza.

"Hawa wamekauka juu ya nini?"

"Juu ya mwamba, mama. Wale unaoletewa na madalali ni wa mwambani na wa mchangani, wamechanganywa."

"Ninajua. Meno yangu inajua." Akaonyesha gunia moja lenye kamba nyekundu. "Na ile?"

"Ile usitafune, mama. Utavunja jino."

Masika alitafuna. Kulisikika mlio. Akatema kiganjani, akakigeuza kipunje cheusi kwenye mwanga, na kwa mara ya kwanza uso wake ukatoa habari: alianza kucheka, tumbo kwanza, kisha mabega.

"Iyi ni jiwe ya kwetu! Mama, ulianika ndagala juu ya lava?"

"Kwetu tunaanika juu ya mawe."

"Kwenu mawe imelala. Ya huku inakula." Akajifuta machozi. Kisha, kama mfanyabiashara yeyote mzuri, akauacha mzaha pale pale. Zaire pesa yao ilikuwa imeshakuwa karatasi ya kufungia njugu, kwa hiyo walibadilishana mali kwa mali, dagaa kwa vitenge. Masika alitaja vitenge vyake kwa kila gunia, na vilikuwa vichache. "Juu ya iyi jiwe," alisema. "Nikichukua mzigo yako, watu watasema Masika anafagia ndagala chini."

"Mawe yako kwenye magunia yenye kamba nyekundu, na nimekuambia mwenyewe kabla hujatafuna," alisema Kashindye. "Huwezi kunikata kwa kosa nililokuonyesha. Mwenye kukuficha utamfanyaje?"

Masika alirudia idadi ile ile. Kashindye akasimama. "Sawa. Naomba nivione vitenge."

Aliingia sebuleni. Annet alianza kusifia rangi, Kashindye akamkanyaga mguu. Alikwenda kwenye robota la chini kabisa, lile lililogusa ukuta, akapenyeza mkono kati ya mikunjo mpaka kwenye kiwiko. Mlikuwa na ubaridi ambao si wa kitambaa. Alivuta pindo nje: mstari wa maji, kahawia, umeota madoa madogo ya ukungu. Akatazama juu. Darini palikuwa na alama ya rangi ile ile.

"Vigae," alisema.

Masika alikuwa amesimama mlangoni. "Nyumba ya Wazungu," alisema bila haya. "Kuta ya miaka mia, paa ya miaka kumi."

"Mvua imetupata sote, mama. Basi tusidanganyane. Dagaa wangu wasafi kwa vitenge vyako visafi, kwa bei ya usafi. Dagaa wenye mawe kwa vitenge vyenye madoa, tukadirie tu kwa macho."

"Hapana. Kitenge yenye doa inafuliwa. Jiwe haifuliwi."

"Ukungu haufuliki, muulize huyu, ni kazi yake." Annet alitikisa kichwa kwa masikitiko kama daktari. "Ukikata doa unabaki na nguo za watoto na vilemba. Na dagaa wenye mawe, kuku hawaulizi. Kuku mwenyewe anatafuta mawe."

Masika akapunguza, akaongeza, akarudi alikoanzia. Alikuwa mzuri. Ikafika mahali ambapo mtu wa kazi hii lazima aondoke, na Kashindye akaondoka: alijitanda khanga, akaaga kwa heshima, akashuka ngazi za baraza, akapita maua, akafika getini. Nyuma hakuitwa. Akashika geti, akalifungua nusu.

"Mama ya Mwanza!"

Akageuka polepole, kama mtu ambaye hakutarajia.

Masika alikuwa ameinua kitu juu. "Mutu mwenye kuenda haachake mukoba yake kwa kiti."

Ulikuwa mkoba wa Kashindye, kweli. Annet alitazama pembeni ili asicheke. Kashindye alisimama getini, miaka yote ya mwaloni ikimtazama, akaona hakuna njia nyingine: alicheka. Akarudi akipanda ngazi huku bado anacheka, na Masika akawa ameshaagiza chai.

Chai ile ndiyo iliyomaliza. Walikubaliana safi kwa safi, karibu sana na pale Kashindye alipopataka, na madoa kwa mawe, ambapo Masika alimshinda kidogo, Kashindye akajifanya hakuona. Lililobaki ndilo lilikuwa kubwa, na kila mmoja alimwachia mwenzake alianze.

"Hawa watu watatu wenye wanaletaka ndagala," alisema Masika hatimaye, "wakirudi niwaambie nini?"

"Waambie umepata mwenyewe."

"Na kama mvua inanyesha tena mu njia?"

"Turubai ni kazi yangu. Ukitafuna ukakuta mchanga, gunia ni lako bure. Ukikuta jiwe jeusi, hilo umeliweka mwenyewe."

Masika alifikiri, akimung'unya kitu mdomoni. Huenda punje ile bado ilikuwa imebaki kwenye jino. "Kila mwezi lori mbili."

"Moja," alisema Kashindye. "Ya pili ukitaka, njoo Pasiansi uifuate. Nina mawe matatu tu, na dagaa wa mwambani hawaongezwi kwa kutamani."

Lilikuwa jibu la hatari, kumkatalia mnunuzi wa kwanza aliyemkubali. Annet alifumba macho. Lakini Masika aliweka kikombe chini, akasema, "Moja, basi," akamwita mtu aliyekuwa ndani, akamwagiza ayashushe marobota ya juu, yale makavu, moja baada ya jingine, na kila moja lililofika barazani Kashindye alilifungua, akaingiza mkono mpaka chini, na Masika naye akawa ameshaketi karibu na magunia, amekunja mkono wa blauzi, anaanza upya kutafuna.